Gari Limeshushwa, Ukikanyaga Mafuta Linatetema: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Impreza, Mark X au BMW E46 iliyoshushwa ikianza kutetema kila unapokanyaga mafuta, gereji nyingi hukimbilia mambo mawili: balansi ya magurudumu, kisha propela, yaani ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda kwenye difu, boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Pesa zinaisha na mtetemo ungali pale pale. Sababu ni kwamba yote mawili mara nyingi hayahusiki.

Gurudumu lisilo na balansi halijui kama umekanyaga mafuta au umeyaachilia. Lenyewe hufuata kasi tu. Na propela ya gari ambalo kila gurudumu la nyuma lina sasipenshoni yake haiguswi na springi fupi. Giaboksi imefungwa kwenye bodi, difu nayo imefungwa kwenye bodi kupitia fremu yake, na bodi ikishuka vyote vinashuka pamoja. Kinachobadilika ni pembe ya draivu shafti, yaani ile shafti fupi inayotoka kwenye difu au giaboksi kwenda kwenye gurudumu. Magari yenye ekseli nzima nyuma, kama Toyota DX na AE86, ndiyo yanayobadilisha pembe ya propela yakishushwa. Kwa hiyo jua kwanza gari lako ni la aina gani, ndipo umsikilize fundi.

Anzia barabarani

Jaza upepo sawasawa, toa vitu vyote kwenye buti, na ubebe mtu wa kuandika. Dereva asishike simu. Unahitaji lami laini na mlima wa wastani. Kwa Nairobi, Waiyaki Way kutoka Westlands kupanda kuelekea Kikuyu inafaa asubuhi ya Jumapili, kwa sababu ukienda injini inavuta mzigo na ukirudi unateremka kwenye barabara ile ile. Nairobi Expressway ina lami nzuri ya kulinganisha, ila kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa, nazo zinatosha.

Fanya majaribio haya matano, kila moja mara mbili:

1. Ukiwa kwa 60 km/h katika gia ya nne, kanyaga mafuta hadi chini mpaka ufike 80. Andika mtetemo umeanzia kasi gani na umeusikia wapi: usukani, kiti au sakafu.
2. Kwa kasi ile ile uliposikia mtetemo, achilia mafuta ghafla bila kukanyaga klachi.
3. Rudia kasi ile ile katika gia ya tatu, kisha ya tano.
4. Kwa kasi ile ile weka gia huru na uache gari liserereke. Injini isizimwe, kwani usukani na breki vitakuwa vigumu.
5. Simama, gia ikiwa huru, upige resi polepole kutoka mizunguko 1,000 hadi 4,000 kwa dakika.

Mtetemo ukionekana hata gari likiwa limesimama, ni wa injini, mauntingi (raba zinazoshikilia injini na giaboksi) au ekzosti inayogusa bodi. Ukihama kasi unapobadilisha gia, unafuata mizunguko ya injini, kwa hiyo rudi huko huko. Ukibaki kwenye kasi ile ile hata likiserereka gia huru, ni magurudumu, rimu, beringi ya habu (kitovu cha gurudumu) au propela isiyo na balansi. Na ukizimika papo hapo unapoachilia mafuta, kisha ukarudi ukikanyaga tu, hapo unawinda mambo matatu: jointi ya ndani ya draivu shafti (ile ya upande wa difu au giaboksi), mauntingi iliyochoka, au pembe ya draivu shafti.

Kuna mtetemo mwingine ambao huwachanganya wengi, ule wa kuondoka tu, kati ya 0 na 20 km/h, kwenye foleni. Ukiisha mara tu mguu unapotoka kabisa kwenye klachi, ni klachi yenyewe: diski ina mafuta au flaiwili imeungua kwa madoa kwa sababu ya kusukumana kwenye msongamano. Hauna uhusiano na kushushwa kwa gari.

Hesabu inayookoa pesa

Kila kipande kinachozunguka kina mdundo wake. Chukua tairi la 225/45R17. Kipenyo chake ni takriban milimita 634, na likizunguka mara moja gari linasonga karibu mita 2. Kwa 80 km/h gari linasonga mita 22.2 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 11 kwa sekunde. Jointi ya ndani ya aina ya tripodi ina rola tatu, na ikiwa mbovu hupiga mara tatu kila mzunguko: mara 33 kwa sekunde. Propela ya gari lenye difu ya 4.1, yaani propela huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja, inazunguka mara 46. Krosi (jointi ya msalaba) mbovu ya propela au pembe zisizolingana hupiga mara mbili kila mzunguko, yaani takriban 91.

Pakua programu ya simu inayoonyesha mtetemo kwa grafu, ibandike simu kwa utepe kwenye reli ya kiti, na msaidizi arekodi wakati wa jaribio la kwanza. Kilele kikiwa karibu na 33, propela haina hatia. Kikiwa 11, rudi kwenye magurudumu. Tahadhari moja: kipima mtetemo cha simu kikichukua vipimo 100 kwa sekunde, hakiwezi kuona chochote juu ya 50. Mdundo wa 91 hutauona, utausikia kama mngurumo sakafuni.

Bila simu, mwili wako bado unaweza kupima. Tripodi husukuma na kuvuta kwa upande, si juu na chini. Ndiyo maana gari lenye jointi mbovu za nyuma huhisi kama linakata kiuno, na lile lenye mbovu za mbele huchezesha usukani kushoto na kulia barabara ikiwa imenyooka. Jointi ya nje ni tofauti: hiyo hulia ka-ka-ka ukikata kona huku umekanyaga mafuta.

Mifuko miwili ya simiti

Ukikanyaga mafuta, uzito hurudi nyuma na sehemu ya nyuma ya gari huchuchumaa. Gari ambalo tayari limeshushwa lina magurudumu yaliyo juu kuliko difu. Likichuchumaa, pembe inazidi. Mbele ni kinyume, pua inapanda na pembe inapungua kidogo.

Tumia jambo hilo kupima. Weka mifuko miwili ya simiti, kilo 100 kwa jumla, kwenye buti na uifunge isitembee. Pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi kabla na baada, kisha urudie jaribio la kwanza. Kwenye koilova ngumu (springi na shoki zinazorekebishwa urefu) gari huenda likashuka chini ya sentimita moja, na hiyo pia ni taarifa. Mtetemo ukiongezeka waziwazi, draivu shafti za nyuma zimekubali kosa. Usipobadilika, angalia mbele au mauntingi.

Ukaguzi wa chini

Tumia shimo la gereji au rampu ya kupandia, si jeki. Magurudumu yakining'inia, pembe za shafti zinakuwa za uongo kabisa. Ukilazimika kuinua kwa kazi nyingine, stendi nne, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gari la magurudumu manne kuvuta lisiwashwe likatiwa gia wakati magurudumu mawili tu yako hewani. Litaruka.

Anza na vitu vya dakika tano. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya torki, karibu Nm 100 kwa magari mengi ya Japani. Kama rimu si za kiwandani, angalia tundu la katikati. Habu ya Subaru nyingi ni milimita 56.1, Toyota Mark X 60.1, Nissan 66.1, Mazda 67.1 na BMW E46 72.6, lakini rimu nyingi za kununua kando hutobolewa 73.1 zitoshe magari yote. Bila pete ya kuziba nafasi hiyo, gurudumu linakaa kando ya katikati na hakuna balansi itakayolinyoosha. Kwa Subaru, tofauti ya mzunguko kati ya matairi manne isizidi milimita 6. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika linatosha kuisumbua difu ya katikati.

Kisha fuata alama za matuta. Gari lililoshushwa Nairobi hulamba matuta, na kila mkwaruzo una maana: ekzosti iliyosukumwa ikagusa bodi, ngao ya joto iliyopinda ikagusa propela, boriti ya giaboksi iliyogongwa. Ekzosti inayogusa hutetema zaidi chini ya mzigo kwa sababu injini inapojipinda inaisukuma. Iache nafasi ya kidole kimoja pande zote.

Sasa pima pembe

Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, weka simu yenye kipima mteremko, au kipima pembe cha sumaku, juu ya draivu shafti. Fanya kila upande. Toa mteremko wa sakafu yenyewe.

Mfano wa hesabu. Shafti yenye milimita 350 kati ya jointi mbili, ambayo kiwandani gurudumu lilikuwa milimita 12 chini ya difu, ilikuwa na pembe ya digrii 2. Ukishusha milimita 40, gurudumu linakuwa milimita 28 juu: digrii 4.6 upande wa pili. Ukishusha 70 inakuwa digrii 9.4, na likichuchumaa milimita 20 zaidi unafika 12.6. Hapo ndipo kukanyaga mafuta kunapogeuka kelele. Kwa kanuni ya gereji, chini ya digrii 5 lala usingizi. Kati ya 5 na 8 jointi nzima itavumilia lakini iliyolika italalamika. Juu ya 8 hata jointi mpya inaweza kutetema ukikanyaga sana. Jointi haitavunjika kwa pembe hiyo, kwa kuwa imeundwa kukunja zaidi ya hapo. Itatetema tu, na kuchakaa mapema.

Jambo la pili halionekani kwa pembe. Gari la kilomita 150,000 lina mitaro iliyochimbwa na rola ndani ya kikombe cha jointi, mahali ziliposimama miaka yote gari likiwa juu. Ukilishusha, rola zinahamia mahali pengine na kila mzunguko zinavuka ukingo wa mtaro wa zamani. Ndiyo maana mtetemo huanza siku ile ile springi zinapobadilishwa, na mwenye gari huapa kwamba springi ndizo mbovu.

Liinue kabla ya kununua

Kama una koilova, pandisha gari milimita 20 pande zote, kaza vifungio, na uende jaribio la kwanza tena. Kama una springi fupi tu, rudisha zile za zamani za ekseli unayoishuku. Ni kazi ya nusu siku, na ndiyo kipimo chenye thamani kuliko vyote humu. Mtetemo ukiisha, pembe imethibitika na hujanunua spea hata moja. Ukipungua nusu, una pembe pamoja na jointi iliyolika. Usipobadilika hata kidogo, acha habari za kushusha. Gari lina ubovu wa kawaida ambao ungekuwepo hata likiwa juu.

Mauntingi

Fungua boneti, handibreki juu, breki ya mguu imekanyagwa kweli, na hakuna mtu mbele ya gari. Kwa otomatiki tia D, ongeza mafuta hadi 1,500 kwa sekunde mbili tu, kisha R. Kwa manyua, achia klachi kidogo hadi injini ianze kulemewa. Injini ikiinuka zaidi ya milimita 25, au ikigonga, raba imekatika. Mauntingi ya giaboksi na bushi za difu hukaguliwa kwa mtaimbo kutoka chini: sukuma taratibu uangalie kama raba imeachana na chuma.

Wengi walioshusha gari pia wameweka mauntingi za raba ngumu za mashindano. Hizo hupeleka kila mdundo wa injini na difu kwenye bodi, na mtetemo wake unafuata mizunguko, si kasi. Huo si ubovu, ndiyo bei ya raba ngumu. Anayetaka gari la kwenda nalo kazini Upper Hill kila siku arudishe ya kawaida kwenye injini na abaki na ngumu kwenye difu peke yake.

Kufungua jointi ya ndani

Anza kwa macho. Raba inayofunika jointi ikipasuka hutupa grisi kwa duara. Kwenye Subaru zenye turbo, raba ya ndani iliyo karibu na ekzosti hukauka kwa joto kabla ya nyingine, na harufu ya grisi inayoungua ukisimama kwenye taa ndiyo dalili ya kwanza. Kisha shika shafti karibu na jointi uitingishe juu na chini. Mchezo mdogo wa kuingia na kutoka ni wa kawaida, tripodi lazima iteleze. Mchezo wa juu na chini si wa kawaida.

Weka alama ya rangi kati ya kikombe, tripodi na shafti kabla ya kutenganisha chochote. Futa grisi yote, kisha pitisha ukucha ndani ya njia za rola. Ukucha ukinasa, kikombe kimeisha. Grisi mpya itanyamazisha kwa muda tu. Kikiwa laini, osha, kausha, tia grisi iliyokuja na raba mpya kwa kiasi chote kilichoandikwa, na usichanganye na grisi ya jointi ya nje. Kabla ya kufunga bendi ya kubana raba, ingiza bisibisi butu chini ya mdomo wa raba utoe hewa, la sivyo itavimba au kunyonywa ndani.

Kama draivu shafti za nyuma za gari lako zina urefu mmoja na jointi za namna moja, kuna njia ya kununua muda: hamisha ya kushoto kulia. Upande wa kikombe uliolika kwa kuvuta unakuwa wa kuachilia mafuta, na upande mzima ndio unaobeba mzigo. Si tiba ya kudumu, lakini inathibitisha utambuzi.

Ukinunua, usidanganywe na upya. Draivu shafti mpya ya bei rahisi, yenye rola zilizolegea ndani ya kikombe, inaweza kutetema kuliko ya kiwandani iliyotoka Japani imetumika. Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, zote mbili zipo. Ya mitumba ikague kwa ukucha ule ule, raba ikiwa imefunguliwa, kabla hujalipa. Muuzaji akikataa kufungua, nenda duka linalofuata.

Wakati wa kurudisha, nati ya ekseli iwe mpya. Kwenye Subaru nyingi ni kati ya Nm 190 na 220 kulingana na modeli, na hukazwa msaidizi akiwa amekanyaga breki, kabla uzito wa gari haujashuka kwenye beringi. Ukishusha gari kwanza ndipo ukaze, unaanza kuiua beringi ya habu siku hiyo hiyo. Kwa zile za zamani zenye pini ya kugonga kwenye giaboksi, tundu hulingana upande mmoja tu. Likikataa, geuza shafti nusu mzunguko badala ya kuongeza nyundo.

Propela, ikiwa kweli ndiyo

Hesabu ikikupeleka huku, angalia senta beringi (inayoshikilia propela katikati) kwanza: raba iliyopasuka huiruhusu propela kupanda wakati wa kuondoka na kugonga. Kwenye BMW kagua pia kaplingi ya raba nyuma ya giaboksi. Nyufa zinazozunguka boliti zatosha kuihukumu. Krosi isiwe na mchezo wala mahali pa kukwama ukiikunja kwa mkono. Nyingi za Japani zimefungwa kwa kupigwa ukingo, hazina pini za kutoa, kwa hiyo karakana ikizibadilisha lazima ikurudishie propela ikiwa imepimwa balansi kwenye mashine. Weka alama kwenye flanji zote kabla ya kufungua. Propela ikirudishwa imegeuka, utakuwa umeongeza mtetemo wa pili.

Kwa gari lisilo na ekseli nzima nyuma, pembe zake huharibika pale tu mtu alipopandisha fremu ya difu, akabadilisha injini au akaweka mauntingi za urefu tofauti. Pembe ya giaboksi na ya difu zilingane ndani ya digrii 1, na kila krosi ikae karibu na digrii 3 au chini yake, lakini isiwe sufuri kabisa.

Usijaribu kutoa propela ya Subaru ya manyua na kuendesha ili kuona kama mtetemo umekwisha. Mzigo wote utaangukia kaplingi ya mnato ndani ya difu ya katikati, nayo itaungua. Baadhi ya otomatiki za gia 4 zina soketi ya fyuzi iliyoandikwa FWD ndani ya boneti. Ukitia fyuzi, nyuma haivuti, na unaweza kulinganisha kwa safari fupi bila kufungua boliti. Kama soketi haipo, usibuni yako.

Injini inayojifanya shafti

Silinda moja ikikosa moto chini ya mzigo, gari hutikisika kama jointi imekufa. Tofauti ni kwamba mtikisiko huo hauna mpangilio, na jaribio la gia tofauti huuhamisha. Soma misimbo ya kompyuta ya injini: P0300 hadi P0304 kwa silinda nne. Bila msimbo, badilishana koili mbili uone kama tatizo linahama, na upime nafasi ya plagi, hasa kwa gari lenye turbo iliyoongezwa presha.

Baada ya ukarabati

Gari lililopandishwa au kushushwa hata milimita 20 linahitaji alaimenti upya. Kaza bushi za sasipenshoni gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ama zitajipinda na kukatika. Rudia majaribio yote matano kwenye barabara ile ile, matairi yakiwa na upepo ule ule, na ulinganishe na karatasi ya kwanza. Baada ya kilomita 500 chungulia raba za jointi tena na uguse bendi. Iliyolegea itaonyesha mstari mwembamba wa grisi ndani ya rimu.